Ziwanda, Msana na Nyumba Kati

Kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa fasihi nilifundisha jambo lisilo kweli kuhusu utenzi ambao wengi wenu mnaujua. Ni Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, ambamo mshairi anauonya moyo wake kwa kuuonyesha magofu ya majumba ya Pate. Katika beti za magofu hayo yamo maneno matatu ambayo niliyaeleza darasani kwa sauti ya mtu mwenye hakika: ziwanda, msana na nyumba kati.

Mimi ni mtu wa Dutumi. Nyumba niliyokulia ilikuwa ya fito na udongo, yenye baraza mbele, ukumbi kati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Ramani hiyo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipousoma utenzi. Ziwanda nilijua ni viwanda, kwa kuwa Kiamu husema zi- pale sisi tunaposema vi-. Hapo nilikuwa sahihi kwa sarufi na kipofu kwa maana. Msana nikamtafuta katika kitenzi cha kale kusana, yaani kufua chuma, nikampata mhunzi. Viwanda na wahunzi wakashikana mikono. Nikawaambia wanafunzi wa kidato cha tano kwamba Pate ulikuwa mji wa uzalishaji, na kwamba mshairi analilia kufa kwa karakana zake. Enzi zile maelezo ya namna hiyo yalipendwa, nami niliyapenda kuliko wote. Nyumba kati nikaifanya jumba la sultani, lililosimama katikati ya mji. Wanafunzi waliandika, wakajibu hivyo katika majaribio yangu, nami nikawapa alama.

Nilipostaafu nilikwenda Lamu. Sikwenda kwa utafiti. Nilitaka tu kuuona mji ambao lugha yake niliifundisha bila kuwahi kuisikia. Huko Makumbusho ya Taifa ya Kenya wameihifadhi nyumba moja ya mawe ya karne ya 18, wakaikarabati na kuipamba kwa vyombo vya zamani, mgeni apate kuona namna watu wa ukwasi walivyoishi. Imo ndani ya mji mkongwe, ule ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, katika vichochoro ambavyo punda akija na mzigo sharti ujibanze ukutani.

Mlangoni tulipokewa na kijana mwongozaji. Kwanza kuna daka, yaani kibaraza kilichofunikwa, chenye viti vya mawe pande mbili, mahali pa mwenye nyumba kuketi na wageni wasiohitaji kuingia. Kisha tekani, ukumbi mdogo unaopinda ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Tukatokea uwanjani, peupe, juu hakuna paa.

“Hiki ndicho kiwanda, mwalimu,” akasema.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Kiwanda: uwanja wa ndani ya nyumba, unaoleta mwanga na hewa. Ndugu yake kiwanja tunamtumia kila siku, nami sikumtambua! Hatua chache mbele tukaingia chumba kirefu chembamba kilichoelekea uwanja huo. Hicho ni msana wa tini, na nyuma yake, kwa kupanda kidogo, upo msana wa yuu. Tini ni chini, yuu ni juu, na msana ni ukumbi wa kukaa. Mhunzi hayumo.

Vyumba hivyo ni vyembamba kwa sababu moja tu, nayo ni mti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka upana mkubwa. Kwa hiyo fundi wa mawe ya matumbawe na chokaa hurefusha chumba lakini hathubutu kukipanua. Nilidhani ninaangalia mtindo, kumbe ninaangalia kimo cha mti.

Kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua. Baada ya misana miwili kuna ndani, chumba cha mama mwenye nyumba. Sisi wa Uzaramo na Ukwere, ambao mwali wetu huwekwa ndani, hatuhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Mbele yako ukuta mzima umetobolewa zidaka, safu juu ya safu, zilizozungushiwa nakshi za chokaa, na ndani yake vimepangwa vyombo vya kaure. Kwetu kidaka ni tunda la mnazi kabla halijawa kitale, na pia ni kinyama kinachoning'inia kooni. Hapa ni kishubaka ukutani. Nilikaa mbele ya ukuta ule muda mrefu, kwa sababu utenzi unayataja madaka ya sahani za nyumba zile na kusema waliomo sasa ni makinda ya ndege.

Nyuma kabisa, ambako mwanga umekwisha, ipo nyumba kati. Si jumba la sultani. Ni chumba cha ndani kuliko vyote, kisichokaliwa siku za kawaida. Humo mwanamke alijifungulia, na humo maiti alioshwa. Mshairi alipotaka kuuambia moyo wake kwamba dunia hupita, aliingia hadi chumba ambacho mtu huanzia na humalizia, akakikuta kina wadudu. Mimi nilikuwa nimekijaza wahunzi.

Sitaki kuisifu nyumba ile kupita kiasi. Ukarabati umeiacha safi mno. Hakuna moshi wala harufu ya samaki, wala mtoto anayelia. Wala ukuta hauelezi vya kutosha ni nani aliyebeba mawe na nani aliyelima mashamba ya bara yaliyoleta fedha za kaure ile; walikuwa watumwa. Kijana wetu alilisema hilo alipoulizwa. Lakini majina aliyataja yote bila kusita, na ndiyo yaliyonipeleka tena kwenye utenzi. Nyumba nyingine nyingi za mji ule zimenunuliwa na wageni wa mbali na kuwa za kulala watalii. Kuta zake zimesalimika, pengine kuliko zingesalimika mikononi mwa warithi wasio na fedha ya chokaa. Sijui kama wanaolala humo huambiwa kwamba wanapita msana.

Niliporudi Dutumi niliyafungua madaftari yangu, nikafuta kurasa mbili. Kisha nikampigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye naye ni mwalimu na, nilijua, bado anatumia maelezo yangu. Nikamsimulia yote, kuanzia daka hadi nyumba kati. Akanyamaza kidogo.

“Shikamoo tena, mwalimu,” akasema. “Sasa wale wahunzi wa Pate, niliowafundisha miaka kumi na tano, niwapeleke wapi?”