Msitu Mmoja, Makazi Matatu

Arabuko-Sokoke, ulioko Kaunti ya Kilifi nchini Kenya na wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Zaidi ya aina 230 za ndege zimeorodheshwa hapa. Siri ni nini?

Udongo na mvua
Upande wa bahari mvua hufikia milimita 1,000 kwa mwaka. Kaskazini-magharibi hushuka hadi 600. Mchanga mweupe umeotesha miti ya mirihi, makazi ya ndege kama chozi wa Amani na kwera wa Clarke. Udongo mwekundu una miti ya mifunda iliyosongamana, na humo hujificha bundi wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 17 hivi tu. Kwenye msitu mchanganyiko wa mibambakofi, ndege wa chini hufukua majani makavu wakitafuta wadudu.

Miti mikongwe
Hondohondo hutaga ndani ya matundu ya miti mikubwa. Mti wa namna hiyo ukikatwa kwa mbao, hakuna kiota.

Ukubwa na ujirani
Kipande cha msitu kikipungua, ndege wa kivulini huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Wengine huhitaji zaidi ya msitu huu: kwera wa Clarke, asiyepatikana popote nje ya Kilifi, hutaga kwenye madimbwi yenye nyasi katika eneo la Dakatcha, kaskazini mwa msitu.

Njoo alfajiri, tembea taratibu, usiache njia. Ukinyamaza, msitu utasema.