Simitieri: neno lililotoka chumba cha kulala



Tunaposindikiza maiti tunasema tunaenda makaburini, au, kwa Kifaransa chetu kilichoingia ndani ya Kiswahili, simitieri. Tunayatumia maneno haya mawili kana kwamba ni mamoja, lakini hayakutoka nyumba moja. Ninawaomba tuyafuate juma hili, kwa sababu wako waamini wanaokaa kwenye kilio usiku kucha, na sanduku likitoka wanarudi kwao. Wanasema kule ni mji wa pepo.

Kaburi ni neno la Kiarabu, qabr. Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, nacho kinasema qever. Ndilo neno la Ibrahimu mbele ya wana wa Hethi alipotafuta mahali pa kumzika Sara, akapima shekeli 400 za fedha kwa ajili ya shamba la Makpela (Mwanzo 23). Mtu aliyeahidiwa nchi nzima, na kipande cha ardhi alichonunua kwanza kilikuwa cha kuzikia! Lakini neno lenyewe linataja tu kazi inayofanyika pale, kuzika. Juu ya kesho limenyamaza.

Simitieri ni habari nyingine. Kifaransa kilirithi neno hilo kwa Kilatini, na Kilatini kwa Kigiriki: koimeterion, yaani mahali pa kulala. Kule Krete lilikuwa jina la nyumba ya kulaza wageni. Kwa wafu, Wagiriki walikuwa na maneno mengine. Strabo, akieleza mji wa Alexandria, anataja kitongoji cha makaburi kilichoitwa nekropolis, mji wa wafu. Kwa hiyo ndugu anayesema "mji wa pepo" hayuko mbali na wapagani wale.

Wakristo waliacha mji wa wafu wakachagua chumba cha kulala. Mwanzoni mwa karne ya 3 tunalikuta neno hilo kwa Tertullian wa Karthago, na huko Roma askofu Zephyrinus alimweka Callixtus kuwa msimamizi wa koimeterion ya kanisa. Ni kweli, hata washairi wa kale wa Kigiriki walisema aliyekufa amelala. Walisema hivyo kwa kujifariji, bila kungoja mtu aamke. Yesu alipowaambia wanafunzi habari za Lazaro (Yohana 11), alikuwa njiani kwenda kumwamsha. Luka anatumia kitenzi hicho hicho kwa Stefano aliyepigwa mawe (Matendo 7:60), na Paulo kwa marehemu wa Thesalonike (1 Wathesalonike 4).

Serikali ya Roma ilielewa kwamba mahali hapo palikuwa na nguvu. Mwaka 257 kaisari Valerian alikataza Wakristo kukusanyika na kuingia simitieri zao. Tarehe 6 Agosti 258, Sixtus, askofu wa Roma, aliuawa ndani ya simitieri pamoja na mashemasi. Gallienus, mwana wa Valerian, ndiye aliyeruhusu zirudishwe. Zaidi ya miaka mia baadaye, Yohana Chrysostom alihubiri Antiokia siku ya Ijumaa Kuu, waamini wakiwa wamekusanyika simitieri, akawafafanulia kwa nini panaitwa hivyo.

Hapa niweke neno moja, maana kuna mafundisho yanayozunguka mitaani: kinacholala ni mwili. Paulo alitamani kuondoka akae pamoja na Kristo (Wafilipi 1:23), hakutamani usingizi.

Katika Ebola ya 2018 hadi 2020, familia nyingi za Beni na Butembo hazikuosha wala kugusa wapendwa wao. Vikosi vilivyovaa nguo za kujikinga ndivyo vilivyowashusha ndani ya shimo, familia zikitazama kwa mbali. Mpaka leo wako wanaouliza kama mtu wao alizikwa kweli. Neno koimeterion halikuuliza nani alikitandika kitanda wala kama ndugu walikishika. Linamtazama Yule atakayeita. Basi wenye kulijua kaburi la mtu wao waende, wapalilie, waandike upya jina juu ya msalaba wa mbao kabla mvua haijalifuta.