Kazi ama hewa safi? Uzi kuhusu madini ya risasi Owino Uhuru

Kila msimu wa kampeni nasikia swali lilelile: mnataka kazi ama mnataka hewa safi? Mimi hulijibu kwa historia ya Owino Uhuru, Mombasa.

1. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilikuwa ukuta kwa ukuta na mtaa huo. Moshi na maji taka yake yalibeba madini ya risasi hadi majumbani. Kilifungwa 2014.

2. Kuna wanaosema, "Si wote walivuta hewa moja?" Hewa ni moja, miili si sawa. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Na huyo ndiye anacheza mchangani, kisha vidole mdomoni.

3. Anayelala njaa pia huumia zaidi. Mwili uliokosa chuma na kalsiamu hufyonza risasi kwa wingi. Hukaa mifupani miaka mingi, na mama akishika mimba humfikia mtoto tumboni.

4. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaifuta, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

5. Basi mtu akikuahidi kiwanda, usiulize ajira ngapi tu. Muulize: kitapakana na nyumba za nani, na watoto wa hapo watapimwa damu lini?