Kidonda Mdomoni? Si Kila Saa ni Malaria

Uko steji ya Machakos, unamenya chungwa, kuweka mdomoni tu, moto! Kidonda. Kabla ushtuke, cheki kiko wapi.

Kikiwa ndani ya shavu ama kwa ulimi, cheupe na pembeni kimewiva nyekundu, huletwa na kujiuma, mswaki mgumu, stresi ama upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12. Hicho hakiambukizi. Sukutua na maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi, wacha pilipili na machungwa. Wiki moja ama mbili kimeisha.

Malengelenge nje kwa midomo? Wasee husema "ni malaria inatoka." Zii. Ni virusi vya hepesi. Homa huviamsha tu. Hivi vinaambukiza, so usibusu mtu, na mtoto mchanga ndio kabisa, inaweza kumuua. Krimu ya asiklovia husaidia ukiwahi mapema.

Lakini kidonda kikipitisha wiki tatu bila kupona, hata kama hakiumi, usibahatishe, hasa ukivuta fegi, ukitumia ugoro ama ukipiga mtungi. Inaweza kuwa saratani. Ingia Machakos Level 5, uliza daktari wa meno akucheki.