Mwenye Vitabu na Mwenye Akili: Fundisho la Ziwa Mweru

Mara nyingi sisi walimu husema kuwa mwanafunzi fulani "ana akili sana" kwa sababu tu amepata alama tisini katika mia. Wanafunzi wenyewe hawasemi hivyo. Wao hutenga mafungu mawili: yuko anayebukua, yaani akeshaye na daftari lake mpaka akalikariri neno kwa neno, na yuko mwerevu, ambaye pengine hana alama nyingi, lakini likizuka jambo ndiye anayetafutwa. Wa kwanza humkimbilia wakati wa mtihani na kumcheka siku nyingine. Wa pili humfuata mwaka mzima. Je, huu ni mzaha wa watoto tu, ama wameona jambo ambalo sisi tumelisahau? Twaona kwamba historia ya nchi ya Ziwa Mweru yaweza kutusaidia kujibu.

Nchi hiyo iko kaskazini mwa Zambia, mpakani na Kongo. Huko ndiko iliko Wilaya ya Nchelenge pamoja na kisiwa chake cha Chisenga. Kusini kidogo ya hapo, kando ya ziwa dogo la Mofwe, zamani palikuwa na makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, ambaye biashara yake ilifika pwani zote mbili za bara letu.

Mwaka 1798 alifika hapo Mreno mmoja, Francisco José de Lacerda e Almeida. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na elimu ya nyota, msomi wa Chuo Kikuu cha Coimbra, na aliwahi kupima mipaka ya Brazili. Nia yake ilikuwa kutafuta njia ya nchi kavu kutoka Msumbiji mpaka Angola. Alitoka Tete na msafara mkubwa, akipima kila siku mahali alipo kwa vyombo vyake. Homa ikamwandama, akafariki mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kwa Kazembe, na msafara wake haukuendelea mbele.

Miaka michache baadaye walikuja watu wawili kutoka upande wa Angola, Pedro João Baptista na Amaro José. Hawa walikuwa watumwa wa mfanyabiashara Mreno, nao hawakuwa na vyombo vya kupimia nyota wala shahada ya chuo. Walianza safari mwaka 1802, wakafika kwa Kazembe mwaka 1806, wakazuiwa huko kama miaka minne. Walijua kungoja, kutoa zawadi, kusikiliza wenyeji na kuishi nao. Mwaka 1811 wakaingia Tete, kisha wakarudi Angola. Basi njia aliyoitafuta bingwa wa hisabati ikapitwa na watumwa wawili.

Walakini tusikimbilie kuwacheka wasomi. Lacerda hakufa kwa ujinga, alikufa kwa maradhi. Na habari za wale wawili tunazijua kwa sababu Baptista, ijapokuwa kisomo chake kilikuwa kidogo, aliandika shajara ya safari yake. Mwaka 1873 shajara ya Lacerda na ya Baptista zilichapishwa London kwa Kiingereza ndani ya kitabu kimoja. Msomi na mtumwa wakakaa pamoja katika jalada moja, na mwanahistoria wa leo anawahitaji wote wawili.

Aliyeunganisha mambo hayo mawili alitokea katika ukoo wa kifalme wenyewe. Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, aliyetawala kuanzia mwaka 1941 hadi 1950, alikuwa mtu aliyesoma. Hakudhani kwamba kusoma kwake kunamtosha. Alikusanya masimulizi ya wazee, na kwa msaada wa Padre Labrecque yakaandikwa kwa Kibemba. Kitabu hicho, *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, kilitoka mwaka 1951. Wabemba husema kwamba akili hutoka katika kichuguu kidogo ikaingia katika kikubwa. Hapa aliyekuwa mkubwa alikubali kupokea.

Lugha zetu nazo zimelijua jambo hili tangu kale. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Robert Serpell wa Chuo Kikuu cha Zambia aliwauliza wazee wa Kichewa wa Katete ni mtoto yupi wangemchagua kwa kazi fulani, na kwa nini. Akaona kuwa chaguo la wazee halikulingana na matokeo ya majaribio ya kitaalamu. Akili, ambayo wao huiita *nzelu*, ilikuwa na pande mbili: *kuchenjela*, yaani wepesi wa kufahamu, na *kutumikila*, yaani kuwa mtu wa kutumwa na kuaminika. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi kutambua udugu wa neno hilo na letu la kutumikia. Mwalimu Nyerere naye, katika *Elimu ya Kujitegemea* ya Machi 1967, alilalamika kuwa mitihani hupima kukumbuka mambo, wala haipimi tabia wala moyo wa kutumikia.

Sisi wenyewe tumekosa katika hili. Tulikuwa na wanafunzi wawili wa Kiswahili. Mmoja aliweza kutaja ngeli zote bila kutua. Wa pili, mtoto wa mvuvi wa Chisenga, alichanganya viambishi kila siku. Siku moja pale mwaloni wachuuzi kutoka ng'ambo ya Kongo waligombana na akina mama kuhusu bei ya samaki. Tulimtuma yule bingwa akatafsiri. Akasimama akitafuta ngeli. Yule mtoto wa mvuvi akaingia kati kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, akamsikiliza huyu, akamtuliza yule, na kabla ya jua kutua samaki walikuwa wamepakiwa. Mwisho wa mwaka, tukifuata karatasi ya mtihani, tulimwandikia: "Mzito wa kufahamu." Hakurudi shuleni. Maneno yale yangali yanatuuma.

Bingwa naye tulimdhulumu, kwa kuwa tulimwacha aamini kwamba ameshafika.

Basi, walimu wenzetu, mtihani upo na utaendelea kuwapo. Lakini kabla hatujaandika neno "mzito" au "hodari" katika ripoti ya mtoto, tumtume kwanza: akaulize habari kwa mzee, akapatanishe wawili, akaeleze somo kwa aliyeshindwa. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Anayebukua tumfunze kutumika. Mwerevu tumfunze kuandika. Tukifanya hivyo tutakuwa tumewasomesha wote wawili.