Ukuta wa dohani unatoa madoa kila masika? Rangi mpya si dawa

Ukiwa Maramba, wilayani Mkinga, unaiona milima ya Usambara Mashariki imesimama juu yako. Huku chini nyumba nyingi hazina dohani, joto lenyewe linatosha. Lakini ukipanda Amani, au ukienda Lushoto, nyumba za enzi za Wajerumani na Waingereza zina meko ya ukutani ya kuotea moto, na juu yake dohani, au chimni kama wengi wanavyoiita.

Tatizo la nyumba hizo linajulikana. Doa la kahawia linatokea ukutani juu ya meko, rangi inabambuka, lipu ikigongwa inalia kama debe tupu. Fundi anaitwa, anakwangua, anapaka rangi. Masika inayofuata doa liko palepale, tena limekua.

Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo ni rahisi kuilaumu mvua tu. Kumbe unyevu wa dohani una zaidi ya njia moja, na kinachozitofautisha ni muda: doa linalowa lini?

Likilowa saa chache baada ya mvua kubwa, tatizo liko juu ya paa. Mara nyingi ni pale dohani inapotoboa bati, hasa upande wake wa juu wa mteremko. Maji yanayoshuka yanagonga mgongo wa dohani na kutuama, na katika nyumba zilizo karibu na msitu majani ya miti huoza hapohapo na kuzuia maji yasipite.

Mafundi wengi huziba nafasi hiyo kwa saruji. Haidumu. Bati hutanuka juani na kunywea usiku, ukuta hautembei nalo, saruji inapasuka. Lami nayo hukauka na kupasuka vilevile.

Kinachofaa ni bati lililokunjwa: ukingo wake wa juu uingizwe ndani ya kiungo cha matofali au mawe kwa sentimita 2 au 3, na wa chini ulale juu ya paa angalau sentimita 15. Upande wa mgongo, bati lingine likunjwe kama kipaa kidogo cha kugawa maji kulia na kushoto. Fundi akiwa huko juu, aangalie pia kama kichwa cha dohani kimepasuka na kama udongo au chokaa kati ya mawe imeliwa na mvua.

Kama chanzo hakionekani, mtu mmoja amwagie maji kwa mpira, akianzia chini ya dohani na kupanda taratibu, kila sehemu kama dakika 15. Mwingine akae darini na tochi ya simu. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hakuna kitakachojulikana.

Likilowa hata siku zisizo na mvua, ukungu unaposhuka na hewa kuwa nzito, hilo ni jambo jingine. Miaka mingi ya moshi wa kuni imeacha chumvi ndani ya ukuta, na chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya jikoni hufanya hivyohivyo: masika inalowa kwenye kopo bila mtu kuimwagia maji. Hapa hata paa likizibwa vipi, doa litarudi.

Lipu yenye chumvi lazima itolewe yote, mpaka sentimita 30 hivi nje ya doa, na ukuta uachwe ukauke kabla ya kupiga mpya. Lipu mpya iwe ya chokaa na mchanga usio wa baharini. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa kale, nao hutafuta pa kutokea pembeni. Chumvi ikiwa imezama sana kwenye mawe, bora kusimamisha bodi mbele ya ukuta, pakiwa na nafasi ya hewa nyuma yake.

Iko pia dohani isiyotumika iliyozibwa juu na chini. Hewa yake haina pa kwenda, inapoa na kuwa matone. Juu panatakiwa kofia ya bati yenye uwazi pembeni, na chini, pale meko yalipozibwa, tundu la hewa la kama sentimita 10 kwa 20.

Ukitaka kuhakikisha, bandika kipande cha nailoni juu ya doa, ukizibe kingo kwa gundi ya karatasi kwa siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni ya hewa. Yakiwa nyuma, yanatoka ukutani.

Dohani ikishazibwa, jiko la mkaa lisiwashwe chumba hicho hata baridi ikizidi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watu usingizini.

Kazi ya juu ya paa ifanyike Januari au Februari, kabla ya masika. Ukuta mnene haukauki haraka: makadirio ya mafundi ni mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Rangi ije mwisho kabisa, iwe ya chokaa, si ya mafuta.