Namba, Kipande na Barua: Lugha ya Vizuizi vya Kuajiri Watu wa Mbali

Kata ya Maretadu, katika ukanda wa Mbulu na Hanang, imo katika mojawapo ya maeneo yanayowavutia sana wanaisimu Afrika Mashariki. Katika ukanda huo Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, kinapakana na Kidatoga cha jamii ya Kiniloti, na si mbali wapo Wahadzabe pamoja na Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao lugha zao ni za Kibantu. Kiswahili kilifika huko kama lugha ya boma, ya shule, ya dini na ya soko. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kilifika pia kama lugha ya ajira, na kwamba msamiati wake wa ajira umehifadhi historia ndefu ya swali moja: nani aruhusiwe kuajiriwa kwa ujira mdogo, kutoka wapi, na kwa muda gani.

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Kibarua, kwa asili yake, si mtu. Ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa kikiwa ushahidi wa kazi yake. Baadaye jina la karatasi likamhamia aliyeishika, kisha likaihamia kazi yenyewe, hata leo mtu aliyeachishwa kazi husemwa kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Sarufi nayo imelifuata badiliko hilo, kwani umbo la neno limebaki katika ngeli ya ki-/vi- ilhali upatanisho ni wa watu: vibarua wamefika, wala si vimefika. Neno manamba lilizaliwa kwa njia hiyo hiyo. Limetokana na namba aliyopewa mtu aliyeandikishwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mbali, hususan ya mkonge. Kipande nacho kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi, kwa kawaida 30. Kwa hiyo maneno matatu makuu ya ajira ya ujira mdogo yametokana na karatasi, tarakimu na kadi, na mawili kati yake yamekuwa majina ya binadamu. Hili si jambo la kupita juu juu.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye miche yake iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Miche hiyo ndiyo chanzo cha mashamba ya Tanga na Pangani, na mashamba hayo yalihitaji watu wengi kuliko wenyeji waliokuwa tayari kuyatumikia. Watu wakatafutwa mbali: Unyamwezi, Usukuma, Buha, Ungoni, Singida, na ng'ambo ya mpaka katika Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wa Tanganyika waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Jina hilo lilikaa vizuri mno katika kinywa cha Mswahili, likasahaulika kuwa lilikuwa ufupisho wa maneno ya Kiingereza.

Wairaqw hawamo miongoni mwa makabila yanayotajwa sana katika orodha za manamba. Sababu haihitaji kutafutwa katika tabia ya watu, kama baadhi ya maofisa wa kikoloni walivyopenda kufanya. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na mwenye ng'ombe au nafaka ya kuuza aliweza kuipata bila kusafiri hadi Tanga. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wairaqw walikuwa wakienea kutoka nyanda za asili yao kuelekea kusini, huku ardhi ikiwa bado inapatikana. Kazi nzito za shamba zilifanywa kwa kualikana, na malipo yake yalikuwa pombe pamoja na ahadi ya kurudishiwa kazi. Kwa hiyo sehemu moja ya nchi ilikuwa ghala la nguvukazi na nyingine haikuwa, na tofauti hiyo ilitokana na njia za kupata fedha ya kodi zaidi ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo, kizuizi kikubwa zaidi cha kikanda kilichowagusa watu wa Tanganyika hakikuwekwa Tanganyika. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri kwa ajili ya migodi ya dhahabu watu waliotoka kaskazini mwa latitudo ya 22 kusini mwa Ikweta. Sababu ilikuwa vifo. Watu wa nchi za joto walikuwa wakifa kwa nimonia machimboni kwa kiwango kilichotisha hata wale waliozoea kuhesabu vifo vya wachimbaji. Mstari mmoja katika ramani ukaifunga Tanganyika nzima, Nyasaland nzima na sehemu kubwa ya Msumbiji. Ni vigumu kuliita tendo hilo huruma tupu, kwa sababu halikuibadilisha migodi. Lilibadilisha tu orodha ya wanaoruhusiwa kufia humo. Bei ya dhahabu ilipopanda katika miaka ya 1930, mlango ulifunguliwa tena, kwanza kwa majaribio.

Ndipo shirika la waajiri wa Witwatersrand, lililoanzishwa mwaka 1900, lilipowafikia watu wa kusini-magharibi mwa Tanganyika. Ufupisho wake ulikuwa WNLA, konsonanti tatu mfululizo na irabu moja mwishoni. Katika matamshi zikapachikwa irabu, kila silabi ikawa wazi, ukapatikana Wenela, na watu wakasema fulani amekwenda Wenela kama wasemavyo amekwenda Mbeya. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji huo. Safari hii kizuizi kiliwekwa na nchi itoayo watu, na sababu yake ilikuwa siasa ya ubaguzi wa rangi.

Kongo ya Wabelgiji inatoa mfano mwingine, wenye uzito wa pekee kwa wanafunzi wa Kiswahili. Migodi ya shaba ya Katanga ilitegemea kwanza watu wa Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye ikageukia Ruanda-Urundi na majimbo ya Kongo yenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Johannes Fabian alihusisha kukua kwa Kiswahili cha Lubumbashi na nia ya watawala ya kujitenga na nguvukazi, na lugha za kazini, zilizotoka upande wa Waingereza. Hoja hiyo haielezi kila kitu, kwa kuwa wazungumzaji nao walikuwa na uamuzi wao, lakini inatosha kuonyesha kwamba sera ya kuajiri inaweza kuwa sera ya lugha bila kuitwa hivyo.

Katika zama hizi swali limerudi likiwa na msamiati mwingine. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na wengi walidhani kwamba sasa kila mfanyakazi angevuka mpaka kwa hiari yake. Lakini jedwali la Tanzania lilihusu hasa wataalamu, kibarua hakufunguliwa mlango. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuratibu ajira za wasio raia. Mwezi Julai 2025 ikafuata amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo kununua mazao shambani, na malalamiko yakasikika Kenya. Amri hiyo inahusu biashara, si ajira, na tofauti hiyo ni muhimu kisheria. Kwa mkulima wa ukanda wa Mbulu, hata hivyo, maana yake ni idadi ya wanunuzi wanaoweza kusimama ukingoni mwa shamba lake.

Sheria hizi zinasema asiye raia. Lugha ya kila siku inasema mgeni, neno lenye maana mbili: mtu wa nchi nyingine, na mtu aliyekuja nyumbani anayestahili kukaribishwa. Aliyelima mkonge wa Tanga akitokea Msumbiji hakuitwa kwa lolote kati ya hayo. Aliitwa manamba, sawa na jirani yake wa zamu aliyetoka Singida.